Mifuo ya Mheshimiwa

Ukurasa wa Magnus Isbister, mbunge wa kisiwa chetu, kwenye kamusi elezo ya mtandaoni ninautunza mimi. Hanilipi mtu, na Magnus mwenyewe hajawahi kunishukuru, ingawa kwa miaka kumi na moja nimefuta matusi yote anayoandikiwa na watu waliokosa feri. Akihamishiwa kamati nyingine ya Bunge la Uskoti kule Edinburgh, hajakalia kiti kipya mimi nimeshaandika, na chanzo nimeweka. Kwenye chanzo sina mchezo. Neno lisilo na gazeti, kitabu wala kumbukumbu rasmi nyuma yake nalikata, hata kama ni la kumsifu.

Kwa hiyo Thora, dada yake, alipoingia jikoni kwangu bila hodi, mkono mmoja mkate wa shayiri na mwingine kipeperushi cha uchaguzi, nilijua hakuja kunijulia hali.

"Davina, soma hapa," akasema.

Nikasoma. Kipeperushi kilikuwa kimenakili ukurasa wangu neno kwa neno: akiwa na umri wa miaka kumi, Magnus Isbister alishinda mashindano ya wavulana ya kulima ufukweni.

"Ni kweli?"

"Lina chanzo. Gazeti la kisiwa, Aprili 1971, na picha ya kikombe."

"Sikukuuliza chanzo, shoga. Nimekuuliza kama ni kweli."

Hapo alinishika pabaya, maana nilikuwepo. Kisiwani kwetu wavulana hulima mchangani kwa plau ndogo walizochongewa na baba zao, na wasichana huwa farasi. Tulikuwa tunavikwa hatamu, shanga na kengele, kisha tunasimama tu tupendeze. Mwaka ule upepo ulikuwa wa kukata masikio, kila mtu kajifunika skafu hadi puani, na farasi aliyekuwa kando yangu alikuwa na kikohozi cha Magnus. Aliyekuwa akilima, na kofia ya Magnus kichwani, alikuwa Thora. Magnus hakuweza kunyoosha mfuo, ule mstari unaochimbwa na plau, hata ungemwekea rula.

"Nilikuwepo," nikakiri. "Lakini macho yangu si chanzo. Nikiandika nilichokiona, kesho mtu atakifuta, na atakuwa na haki."

Thora akavuta kiti. "Kikombe sikitaki, kimeshaota kutu. Ila baba amekufa akijisifu baa nzima juu ya mkono wa Magnus. Mkono wa Magnus, Davina. Plau ameichonga yeye, nimeishika mimi, na amekwenda kaburini hajui."

Akaanza kukata ule mkate kana kwamba umemkosea. Nilimwonea huruma, lakini sheria ni sheria.

"Basi mwambie kaka yako aseme," nikamwambia. "Na aseme mahali panapoandikwa."

Hakungoja nimalize. Akapiga simu na kuiweka mezani nisikie.

"Shikamoo, mheshimiwa bingwa wa plau."

"Thora, niko kikaoni."

"Najua. Unasimama lini tena kusema bungeni?"

"Alhamisi. Hoja ya mila za visiwa."

"Imekaa vizuri hiyo. Alhamisi utasema nani alilima."

Tukasikia anafunga mlango huko aliko. "Dada, uchaguzi ni Mei."

"Na mdomo wangu utakuwepo hadi Mei," Thora akajibu, akakata simu.

Alhamisi tuliketi mbele ya kompyuta yangu na chai. Magnus alisimama, akanywa maji mara mbili, akalalamikia feri kama kawaida yake. Kisha akakunja karatasi zake.

"Mheshimiwa Spika, nina jambo la kusahihisha. Kikombe changu cha kulima alikishinda dada yangu Thora. Mimi nilikuwa farasi."

Bunge likacheka. Nilidhani ataketi, lakini hakuketi.

"Na baba yetu alijua. Tukirudi nyumbani aliniambia, mifuo ile ni ya Thora, kila akifika mwisho hugeukia kushoto. Akasema tunyamaze, wakijua kalima msichana watakichukua kikombe. Akanituma nimwambie Thora, kwa siri, kwamba kazi yake ameiona. Sikumwambia. Nilipenda kuitwa bingwa."

Thora aliweka kikombe cha chai chini polepole. "Hugeukia kushoto," akasema. Baadaye akaongeza, "Hata leo, nikikata nyasi kwa mashine."

Kumbukumbu rasmi za Bunge zilipotoka, alikuwa bado kwangu. Nikasahihisha: mshindi wa mashindano ya 1971 alikuwa dada yake, Thora, aliyelima kwa jina la Magnus. Chanzo nikaweka.

"Na la baba?" Thora akauliza nyuma yangu.

"Ukurasa ni wa Magnus. La baba halihusu."

Na kweli halihusu. Mtu mwingine angeliweka, ningemkata bila huruma. Thora alikuwa ameshika mgongo wa kiti changu kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyeshika plau.

Nikaandika: Baba yao aliitambua kazi ya Thora kwa jinsi mifuo ilivyogeukia kushoto. Chanzo nikaweka.

Mei Magnus alirudi bungeni kwa tofauti ya kura chache, na hilo nimeliandika pia. Sentensi ya baba bado ipo. Mhariri mmoja wa Glasgow aliwahi kuifuta, akidai haina umuhimu. Niliirudisha kabla chai yangu haijapoa.