Palmer Haumwi

Mume wangu Palmer angekatwa mguu na trekta, ukimuuliza hali angesema, "Si mbaya sana." Ndivyo tulivyolelewa sisi wa Minnesota, na mimi nilishachoka.

Majira yale ya baridi aliacha kuvaa kofia, na nje theluji imefika magotini. Kanisani wakamtania, "Palmer, nywele wazi hivyo, unatafuta mchumba?" Akacheka nao. Mezani akawa anatafuna nyama kidogo, anapumzisha taya, anatafuna tena. Nikamuuliza kulikoni.

"Nyama yako ngumu, bibie."

Nikanuna, mjinga mimi.

Asubuhi moja kikombe cha kahawa kikamponyoka, mdomo ukaenda upande. Kiharusi. Hospitali wakasema mishipa inayopeleka damu kichwani imevimba kuta zake. Ndiyo maana ngozi ya kichwa iliuma ikiguswa na kofia, na taya zilichoka upesi. Wakampa vidonge vya kutuliza uvimbe. Mkono ukarudi, na maneno pia, Mungu ashukuriwe.

"Dalili zikirudi, semeni," daktari alituonya. "La sivyo ni kiharusi kingine, au upofu."

Vidonge vikawa vinapunguzwa kidogo kidogo. Juzi tulirudi kliniki. Daktari Marit, binti wa huku huku kwetu, akauliza, "Kichwa kinasemaje, mzee?"

"Siwezi kulalamika."

"Safi. Basi tunapunguza tena."

Lakini asubuhi ile nilikuwa nimemwona akijichana kwa vidole badala ya kitana, taratibu, macho ameyafumba. Maishani mwangu sijapaza sauti mbele ya watu. Siku hiyo nilipaza.

"Palmer Tollefson, mwongo mkubwa wewe! Mficha maradhi kilio humuumbua, na atakayelia ni mimi!"

Daktari akaweka kalamu chini. Palmer akainama, masikio yamemwiva.

"Jana jicho la kulia lilizimika," akasema. "Kidogo tu. Nilidhani balbu."

Hawakuturuhusu kurudi nyumbani. Akalazwa, akatundikiwa dripu ya dawa saa ile ile. Nikakaa kando ya kitanda, mkoba mapajani, sijui nimpige au nimbusu.

"Umekasirika?" akaniuliza.

"Sana."

"Sikutaka kukuogopesha, Ardis."

"Niogopeshe. Kila siku, ukitaka. Ila usinifiche."

Akaitazama dari kwa macho yake yote mawili.

"Basi njoo hapa karibu," akasema. "Naogopa."

Nikapanda kitandani na viatu vyangu.