Zamu ya Mwingine

Daktari Clotilde aliinamia sinki ya chumba cha wauguzi, akakamua maziwa yake yakaenda na maji. Mtoto wake mchanga alikuwa nyumbani, mtaa wa Ndosho, na yeye alikuwa hajarudi huko tangu jana asubuhi. Katika mlio wa bomba akaisikia tena ile sauti: "Mama, usiniache."

Alifunga bomba. Sauti ikabaki.

Ilikuwa sauti ya Kanyere, mama aliyeletwa kutoka Mugunga wiki iliyopita, akavuja damu mpaka akafa. Wakati huo Clotilde alikuwa ng'ambo ya ukuta akimpasua mzazi mwingine, peke yake. Zamu ilikuwa ya Daktari Fortunat, na Fortunat hakuwepo.

Alijifuta, akaenda ofisini kwa mkurugenzi, Mirindi. Fortunat alikuwa humo, akikoroga chai.

"Muzee Directeur, prime, ile pesa ya zamu za ziada, sijaiona."

"Zamu gani za ziada?" Mirindi aliuliza kwa upole. "Ulisaidia mwenzako. Alikuwa kwa séminaire. Na yeye iko na famille."

"Mimi pia niko na famille."

"Uko na bwana."

"Bwana yangu hana kazi tangu banki zifungwe sababu ya vita."

"Hayo ni mambo ya nyumba yenu, mama." Mirindi alishusha sauti. "Halafu, wafadhili wanauliza juu ya yule mama aliyekufa. Nimewajibu kama docteur wa zamu alikuwa wewe."

Kijiko cha Fortunat kilitulia ndani ya kikombe.

"Kwa prime, zamu ni ya Fortunat," Clotilde alisema. "Kwa kifo, ni yangu."

Fortunat akaanza tena kukoroga chai.

"Usilete politique hapa," Mirindi alisema. "Mwenzako amechoka na safari. Endelea tu mpaka kesho."

Clotilde alirudi wodini. Muuguzi Joviale alikuwa amempokea msichana mjamzito, midomo imemkauka, mikono baridi. Clotilde alisimama miguuni pa kitanda, ile sauti ya Kanyere ikamrudia, akashindwa kusogea. Kisha akavaa glavu, akaanza kumpapasa tumbo.

Msichana akamshika mkono wa koti.

"Mama, uniitie docteur."

"Ni mimi docteur."

Msichana alimtazama kidogo. Halafu macho yake yakapita juu ya bega la Clotilde, yakaenda mlangoni, yakangoja.

Clotilde naye akageuka. Mlango ulikuwa wazi, na hakuna mtu aliyekuwa anakuja.