Vitufe Kumi na Kimoja

Jumapili, tarehe 30 Machi 2025. Jeddah iliamka na joto la unyevu, ukungu mwepesi umeyafunika maghorofa ya Aziziya, na takbira za Idi zikisikika kila upande. Jikoni, Lorine, mfanyakazi wa nyumbani, alikuwa ameshasali kimyakimya, sasa anaihamishia keki yake kwenye sahani.

Keki hiyo aliijua kwenye darasa la Kiingereza la jioni, analolisoma kwa simu. Mwalimu Rosebellah aliwaeleza kwamba Waingereza huiita simneli, jina linalotokana na neno la kale la unga laini kabisa. Ndani ina zabibu, maganda ya chungwa na mdalasini. Katikati, tabaka la lozi zilizosagwa na sukari. Juu, tabaka jingine, na vitufe kumi na kimoja vya lozi vilivyobabuliwa hadi vikawa vya hudhurungi. Lakini kilichomgusa Lorine ni habari yake. Zamani, wasichana waliotumika katika nyumba za matajiri waliruhusiwa Jumapili moja ya katikati ya Kwaresima waende kwa mama zao, na inasemekana walibeba keki hii. Mwaka huu Jumapili hiyo imeangukia Idi.

Yeye hajamwona mama yake, kule Vihiga, kwa miaka mitatu. Madam alimwahidi likizo mara mbili, mara mbili akaiahirisha. Kila alfajiri Lorine alimwomba Mungu ujasiri wa kuuliza tena.

"Hii si keki, ni jumba," alisema Zablon, dereva, akiingia na mizigo. Alikuwa amemleta Hajja, mama yake madam, kutoka Murabba, Riyadh. "Kipande changu usikipime kwa kijiko cha dawa, dada."

"Nawa mikono kwanza, bwana Riyadh."

Sebuleni, madam alivihesabu vile vitufe. "Kumi na kimoja. Lorine, kimoja umekula?"

"Hapana, madam. Ndivyo inavyotakiwa. Ni wale wanafunzi wa Isa. Wa kumi na mbili, yule msaliti, hawekewi kitufe, kwa sababu alivunja ahadi."

Maneno yalipokwisha kumtoka ndipo alipoyasikia. Madam aliinamia kikombe chake cha kahawa. Zablon akaanza kuchunguza dari.

Hajja alichukua kitufe kimoja, akatafuna taratibu. "Tamu. Na huliwa lini?"

Lorine akamsimulia, kwa Kiarabu chake cha kusuasua, habari ya wale wasichana na mama zao.

"Na wewe, binti yangu, mama yako umempelekea lini?"

"Bado, Hajja. Ni miaka mitatu."

Hajja alimgeukia bintiye. "Mimi nimeletwa kutoka Riyadh nile Idi na mwanangu. Mama yake huyu anakula na nani?"

Madam aliweka kikombe chini na kumtazama Lorine usoni.

"Mama, wewe ni shahidi. Zablon, na wewe pia. Tarehe kumi Aprili Lorine anakwenda kwa mama yake. Nikiahirisha tena, nami msiniwekee kitufe."