Kazi ya Pasi Imekufa

Dukani kwetu, duka la kufua na kupiga pasi nguo za watu, mwenye duka aliitwa Mjomba. Alitaka mwenyewe. Ukimwita bosi anakunja uso: "Bosi wa nini? Hapa sisi ni familia." Basi tukawa familia: mzee wa kufua, dada wa kaunta, na mimi wa pasi. Mimi nilibandikwa jina la Mama Kijacho nilipokuwa mjamzito, na mwanangu alipozaliwa jina likabaki palepale, kama vile bado yuko njiani.

Siku aliyoniita ofisini, na ofisi yenyewe ni kona tu nyuma ya nguo zilizotundikwa, alikuwa mpole kupita kiasi.

"Mama Kijacho, hali ngumu. Siku hizi watu wanajipigia pasi nyumbani. Kazi ya pasi imekufa."

"Imekufa lini, Mjomba? Jana nimenyoosha suti mpaka kiuno kikakataa."

"Ndiyo hivyo. Lazima nipunguze watu. Na wewe una mtoto, kila mara kunyonyesha. Nimekuhurumia tu."

Nikauliza habari ya notisi, likizo ambayo sikupewa, kiinua mgongo changu. Akacheka, akanigusa bega.

"Familia haidaiani, mama."

Akanikabidhi mfuko wa sabuni ya unga. Ulikuwa umeshafunguliwa.

Kwenye shule ya jioni ninayosoma baada ya kazi, tulifundishwa kwamba kazi ikipunguzwa kweli, unaambiwa mapema, unaelezwa kwa nini wewe na si mwingine, na unaondoka na haki yako mkononi. Darasani nililijibu swali hilo mpaka nikapigiwa makofi. Mbele ya Mjomba ulimi uliganda. Nilirudi nyumbani na ile sabuni, mtoto mgongoni akinivuta nywele, na njia nzima nilikuwa nikijibu peke yangu kama mwehu.

Wiki iliyofuata, nikiwa namwogesha mwanangu kwenye beseni, nikasikia hodi. Mlangoni alisimama binti mwembamba, mkono mmoja kaufunga kitambaa, kwa mwingine kakumbatia joho la kwaya.

"Shikamoo, dada. Mimi ni mpwa wa Mjomba. Mpwa wa kweli, wa kuzaliwa. Amesema unionyeshe namna ya kupiga haya marinda. Majoho mawili nimeshayaunguza, na wenyewe wanakuja kuchukua leo."

"Nikuonyeshe nini?"

"Kupiga pasi, dada. Ndiyo kazi aliyonipa."

Hasira ilinipanda mpaka mtoto akaacha kuchezea maji, akanitazama.

"Kazi ya pasi si ilikufa? Niliambiwa imekufa! Mbona marehemu ananibishia hodi na joho?"

Binti akarudi nyuma hatua. Nilitaka kumfungia mlango, nakiri, mkono ulishafika kwenye komeo. Kisha nikauona vizuri ule mkono wake. Nilipofungua kitambaa, lengelenge lilikuwa limejaa kiganja. Nikamwingiza ndani, nikammwagia maji safi ya baridi taratibu, huku mwanangu akitushangilia toka kwenye beseni.

"Anakulipa nini?"

"Amesema tutaona. Eti sisi ni familia."

Nikacheka, kicheko kibaya. "Ngoja nimvishe mtoto. Twende."

Dukani, wanakwaya walikuwa wamejaa kwenye kaunta. Mjomba aliponiona uso ukamng'aa.

"Ahaa, Mama Kijacho wetu! Upesi mama, pasi inakusubiri."

"Pasi gani, Mjomba?"

"Acha utani, wateja hawa."

"Sitanii. Wewe ndiye uliyeniachisha, ukasema kazi hii haipo."

Mwanakwaya mmoja, mama mnene mwenye sauti ya kwanza, akageuka. "Haipo? Sasa majoho yetu anapiga nani?"

Dada wa kaunta akainama ghafla kutafuta kitu ambacho hakikudondoka. Mjomba akashusha sauti. "Mambo ya ndani haya. Tusiaibishane mbele za watu."

"Yangekuwa ya ndani usingeyatuma mlangoni kwangu! Kama kazi ipo, umeniondoa kwa nini, kwa kuwa ninanyonyesha? Na kama haipo, nipe haki yangu yote niende zangu. Moja kati ya hayo, Mjomba. Mimi siwezi kufa na kufufuka kwa ratiba yako."

"Nani kakutia maneno haya?"

"Mfuko wako wa sabuni."

Mzee wa kufua akaangua kicheko, akakigeuza kikohozi.

"Piga kwanza," Mjomba akasema, jasho likimtoka, "halafu tutaongea."

"Miaka yote nimepiga kwanza. Leo tuongee kwanza."

"Basi nenda unakojua!"

"Najua. Ofisi ya kazi iko nyuma ya posta, na bado wako wazi."

Nikamkaza mwanangu mgongoni, nikatoka. Safari hii ulimi ulikuwa wangu. Nyuma nikasikia ndara zikikimbia.

"Wee binti!" Mjomba alifoka toka mlangoni. "Unakwenda wapi? Rudi kwenye pasi!"

"Pasi gani, mjomba?"

Binti akanifikia akihema, joho bado kwapani.

"Dada, na mimi nitasema?"

"Utasema yote, mdogo wangu. Na huo mkono usiufiche."