Kistari Penye Wimbo wa Tatu

Sheria zote za mchezo alizitunga Kalala, mwalimu wa hesabu. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya misa, watu sita walikusanyika nyumbani kwake katika mtaa wa wafanyakazi wa reli, Kamina, kila mmoja na kaseti moja yenye wimbo mmoja. Kaseti ziliwekwa kwenye kikapu na kufunikwa kitambaa, kisha zikapigwa moja moja bila kutajwa wenyewe. Kila mtu aliandika kwenye kikaratasi alama zake kati ya ishirini, pamoja na sababu, maana Kalala hakupokea alama isiyo na sababu. Penye wimbo wake mwenyewe mtu hakujipa kitu; alipiga kistari. Mwishoni aliweka tarehe na sahihi. Kalala alijumlisha, akatangaza mpangilio, akanakili yote katika daftari lenye jalada jeusi. Aliyekuwa wa mwisho alikibeba kikapu na vikaratasi vyake hadi kwake, akavirudisha mwezi uliofuata. Zawadi haikuwapo.

Tarehe 6 Machi 1977, wimbo wa tatu ulianza kwa kishindo cha mvua juu ya bati.

"Nani alirekodi ndani ya mvua?" akauliza Bolingo, mke wa sajini mmoja wa kambi ya jeshi, aliyekuja na mumewe kutoka jimbo la Ekwateri na kuuza samaki wa chumvi. "Minyi mwenyewe ninamupa mbili. Mbili ya mvua."

"Mama, nyamaza kwanza. Andika," akasema Kalala.

Mvua ikapungua, ikasikika sauti ya mwanamke na gitaa moja. Katika wimbo, mwanamke huyo alikuwa anapasha maji ya kuoga, akimngoja mume aliyevuka mpaka. Kila ubeti maji yalipoa, naye akayarudisha motoni. Ulikuwa huo tu.

Kwa miaka minne Kalala hakuwahi kuvuka kumi na tano. Siku hiyo aliandika: *18. Sababu: hakuna neno la ziada.*

Mwenye wimbo alikuwa Banza, dereva wa garimoshi, rafiki yake tangu dawati la shule ya msingi. Alikuwa ameusogeza mdomo wa redio kwenye kinasa sauti na kuunasa kutoka kituo cha ng'ambo.

"Kumi na nane!" akacheka Banza. "Mwalimu, uko mugonjwa?"

"Niko muzima. Sababu iko hapo, soma."

Wimbo wa tatu ukawa wa kwanza kwa alama themanini na tatu kati ya mia. Wa mwisho akawa Bolingo, kwa mara ya pili mfululizo.

"Minyi tena!" akasema, akijitwika kikapu. "Vikaratasi hivi, kesho nitawashia makala ya kupikia!"

Wakacheka wote, wakaagana.

Siku mbili baadaye vita viliingia jimbo la Shaba, lenye Kamina, kutoka ng'ambo ya mpaka. Walioingia ni wanaume waliokuwa wamevuka miaka mingi nyuma, na wimbo wa Banza, bila kubadilika hata neno moja, ukawa wimbo wa kuwangojea hao. Wanajeshi walianza kukusanya kaseti nyumba kwa nyumba. Kambi alimoishi Bolingo ilifungwa kwa raia. Katikati ya mwezi mkurugenzi wa shule alimnong'oneza Kalala kwamba kuna mtu aliyesema wimbo ule ulisikika dirishani kwake, na kwamba ataitwa na jeshi.

Jioni hiyo Banza alikuja, akaketi kwenye kiti chake cha kila mara.

"Nitasema ni yangu," akasema. "Niliikamata ku radio. Ni wimbo tu."

"Banafunga bantu juu ya kitu kidogo kuliko ile. Na weye njo unaendesha mashini yenye inapeleka basoda ku vita."

"Donc? Sasa nini?"

"Donc haukukuwa hapa. Ulikuwa na homa, ulilala kwako. Léonie atasema vile vile." Léonie lilikuwa jina la ubatizo la mke wa Banza. Tangu majina ya kigeni yapigwe marufuku, lilitajwa ndani ya nyumba tu.

"Weye, Kalala, unajua kudanganya?"

"Ni hesabu tu. Ninatoa mutu moja, ninatoa wimbo moja, ninajumlisha upya."

"Na vikaratasi?"

"Bolingo aliwashia makala."

Alilisema kama jambo aliloliona kwa macho. Kisha akauchana ukurasa wa siku ile daftarini, akaandika mwingine kwa kalamu ile ile: watu watano, nyimbo tano, jumla kati ya themanini. Alizikagua jumla mara mbili. Hazikuwa na kosa.

Waliitwa wote wawili tarehe 24, katika ofisi ya mkurugenzi, maana jina la Banza lilikuwa katika kurasa za miezi mingine. Luteni alikuwa kijana mwenye kusoma na mwenye adabu. Alilipitia daftari ukurasa kwa ukurasa, akiupa kila mmoja muda wake.

"Kazi safi," akasema. "Citoyen mwalimu," akaongeza, kwa neno la serikali la kumwita kila raia, "ile siku mulikuwa bangapi?"

"Batano."

"Na weye, citoyen?"

"Nilikuwa na homa," akasema Banza.

Luteni aliinama, akatoa kikapu chini ya meza. Kalala alikitambua kwa kitambaa chake. Bolingo alikuwa amekileta mwenyewe asubuhi ile. Alisikia mwalimu ameitwa, akaja kumtetea: ni mchezo tu, mkubwa wangu, kila kitu kiko kwa maandishi, mwalimu hafichi kitu. Vikaratasi hakuviwashia makaa. Sheria ilisema vinarudi, naye aliishika sheria.

Luteni alivipanga mezani kama mchezaji wa karata. Vitano. Kisha cha sita.

"Sahihi hii ni ya nani? Na hapa, penye wimbo wa tatu, hakuandika alama. Iko kistari. Mke wa sajini alinifasiria maana yake."

Banza aliitazama sahihi yake.

"Ile wimbo naijua," akaendelea Luteni kwa sauti ile ile. "Mke wangu anaiimba akifua. Ningechukua kaseti, ningewaambia murudie kwenu. Lakini mutu hachane kitabu juu ya wimbo. Iko kitu ingine munaficha. Ni nini?"

Kitu kingine hakikuwapo, na hilo Kalala hakuwa na karatasi ya kulithibitisha.

"Minyi njo nilimwambia aandike vile," akasema Banza ghafla.

"Hapana. Ni minyi, kwa akili yangu."

Luteni aliyaandika majibu yote mawili.

Kalala alifungwa siku tisa. Mkurugenzi alimwekea sahihi ya dhamana, maana mitihani ilikaribia na mwalimu mwingine wa hesabu hakuwapo. Dereva wa treni za jeshi aliyedanganya wakati wa vita hakupata wa kumwekea sahihi. Ilisemekana alipandishwa ndege kambini kupelekwa Kinshasa. Baada ya hapo hakikusemekana chochote, hata vita vilipokwisha mwezi wa tano.

Léonie alikuja mwezi wa sita, Kalala akiwa anasahihisha mitihani. Hakuketi.

"Mama Bolingo aliniambia maneno ya ule luteni. Nataka kusikia kwako. Kama ungeacha kitabu vile ilikuwa, bwana yangu angerudia nyumbani?"

Angeweza kumjibu kwamba Mungu pekee ndiye ajuaye. Majirani wote walikuwa wamemjibu hivyo.

"Angerudia," akasema. "Bangebakisha kaseti tu."

"Alikuambia acha?"

"Alitaka kusema ukweli. Nilimukataza."

Léonie alichukua karatasi tupu mezani, akaiweka mbele ya Kalala, juu ya mitihani.

"Andika. Watoto watauliza, na minyi sitaweza kusema." Akangoja ashike kalamu. "Na utie sababu."

Kalala aliandika mistari minne. Akaisoma, akafuta neno moja la ziada, akaweka tarehe na sahihi. Léonie aliisoma yote akiwa amesimama, akaikunja mara mbili na kuifunga katika ncha ya kitenge chake. Akatoka bila kufunga mlango.