Marufuku ya Vinyonga

Mwaka 1981, Fanueli alirudi Lushoto baada ya miaka sita. Alikuja na gari la wizara, si kwa ajili ya Rahabu.

Rahabu alikuwa ofisa maliasili wa wilaya. Posa mbili alikuwa amezikataa, na mama yake, kule Bumbuli, alishachoka kuuliza sababu. Fanueli, mwana wa kijiji cha Bungu, alikuwa amemwahidi kwamba akimaliza masomo ya biashara Ulaya angekuja kujitambulisha kwao. Masomo yalizaa kazi Geneva, kwenye ofisi ya kimataifa ya kanuni za biashara, na kazi ikammeza.

Siku ya kikao, ukungu ulikuwa umefunika boma lote. Fanueli alimsalimu kwa Kishambaa, kwa sauti ile ile ya zamani. Kisha akafungua faili.

Kampuni moja ya kigeni ilikuwa imelalamika kupitia serikali yake, na Fanueli ametumwa kusuluhisha. Tanzania ilikuwa imejiunga na mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe pori, na Rahabu, kwa mkataba huo, alikuwa ameinyima kampuni kibali cha kununua vinyonga wa milima ya Usambara. Kampuni ikadai amevunja kanuni za biashara za dunia.

"Mkataba unanipa haki ya kuwalinda," Rahabu alisema.

"Unakupa, na kanuni za biashara hazikukatazi. Zinakukataza kumfungia mgeni mlango na kumwachia mwenyeji dirisha. Si vinyonga bado wanashushwa hadi mjini Muheza na kusafirishwa nje kupitia wafanyabiashara wetu?"

Rahabu aliwajua waliowakusanya msituni. Mmoja wa wakusanyaji hao alikuwa mjomba wake Tobia, aliyemsomesha kwa kazi hiyo hiyo.

"Basi tufunge dirisha pia," Rahabu alisema. "Asikusanye mtu yeyote mpaka tujue msituni wamebaki wangapi. Tukifungua, mgeni na mwenyeji wapewe vibali kwa kipimo kimoja."

"Hapo hawatakuwa na neno," Fanueli alisema, akaanza kuandika.

Jioni walitembea pamoja sokoni, kwenye harufu ya matunda damu.

"Nilidhani umeshaolewa," Fanueli alisema.

"Na mimi nilidhani utarudi."

"Si nimerudi?"

"Umeletwa na malalamiko."

Alicheka kidogo, kisha akasimama. "Twende wote Geneva, Rahabu. Kule migogoro ya namna hii haiishi."

Maneno hayo Rahabu alikuwa ameyangoja miaka sita. Lakini kesho yake alitakiwa kupanda kwa mjomba kumwambia aache kazi iliyomlea yeye. Angemtuma nani badala yake? Na msitu angeuachia nani?

"Ungesema 'nibaki nawe hapa'," alijibu taratibu, "ningekuelewa zaidi."

Fanueli akarudi Geneva peke yake.

Kampuni iliondoa malalamiko. Mjomba Tobia alimsikiliza Rahabu mpaka mwisho, akaingia ndani bila kuitikia kwaheri yake. Msimu mzima hakuzungumza naye; alilima kabeji kwa hasira. Siku moja akapita ofisini, akaweka kapu la kabeji mlangoni, akasema, "Mwanangu, umekonda."

Rahabu alilia siku hiyo, na mjomba alidhani analilia ugomvi wao. Hakumsahihisha. Alikuwa amesikia asubuhi ile, kwa watu wa Bungu, kwamba Fanueli ameoa huko huko Geneva.