Walioligeuzia Ziwa Mgongo

Kabla vita haijashuka bonde la Ruzizi, Félicité alikuwa akifundisha watoto wa kijiji cha Kiringye. Shirika dogo la Uvira lilimtuma kila Jumamosi kuwakusanya nyuma ya kanisa wavulana na wasichana waliokuwa wanaanza kubalehe, wazungumze juu ya usawa: nani anachota maji, nani anapumzika, nani akisema anasikilizwa, na mwili wa mtu ni wa nani. Kitabu cha mafunzo kilikuwa cha Kifaransa. Alikigeuza kuwa Kiswahili cha pale, na Kiswahili kiliposhindwa alitumia Kirundi cha mama yake.

Kazi haikwenda vizuri. Wazazi wengi walivumilia tu. Ndayisenga, mkulima wa mihogo, hakuvumilia. Siku alipomkuta mwanawe Franck anasugua sufuria huku dada yake Bella amekaa akisoma, alikwenda moja kwa moja hadi nyuma ya kanisa.

"Mama Félicité," alisema polepole, watoto wote wakisikia, "unanigeuzia mutoto. Franck hatarudi tena hapa."

"Baba Franck, kuosha sufuria hakumpunguzii mwanaume kitu."

"Weye hauishi hapa. Unafundisha, unapanda pikipiki, unarudi Uvira. Miye ndo ninabaki na kicheko ya majirani."

Katika hilo mzee alikuwa amesema kweli. Franck akaondolewa. Haikupita muda milio ya risasi ikaanza kusikika upande wa Luvungi, shirika likasimamisha kazi, na Félicité akabaki nyumbani kwake, mtaa wa Songo mjini Uvira. Jioni nyingine alikifungua kile kitabu, akasoma kurasa mbili, akakifunga. Aliona ni maneno tu.

Kisha watu wa bonde wakaanza kuingia Uvira, magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba, watoto wamelala juu ya mizigo. Wa Kiringye walipewa madarasa ya shule moja ya msingi karibu na ziwa. Félicité aliposikia, alifunga maharagwe na vipande vya sabuni katika kikwembe, akaenda kuwatafuta.

Alasiri ile hakuona kijana hata mmoja uwanjani. Wanaume walikuwa wamekaa kuzunguka bomba pekee la shule.

"Batoto beko ku ziwa," mwanamke mmoja mlangoni alimwambia. "Hii ni saa ya mabinti."

Félicité hakuelewa, akafuata njia ya kuteremkia ufukweni. Alipofika penye mchanga akasimama.

Wavulana walikuwa wamejipanga kama upinde, kutoka mwamba wa upande huu hadi mitumbwi iliyopinduliwa upande wa pili. Wote walikuwa wameligeuzia ziwa mgongo, wanatazama barabara. Nyuma yao maji yalikuwa yanapigwa, na sauti za wasichana zinapanda na kushuka. Hakuna kichwa kilichogeuka. Katikati ya mstari alimwona Franck, na pembeni ya Franck, mikono imefungwa nyuma, Ndayisenga.

Félicité alisogea akanong'ona, "Franck, munafanya nini hapa?"

"Dada zetu banaoga," Franck alijibu, macho barabarani. "Ku bomba baume banashinda pale, mabinti balikuwa banaogopa. Hata bale beko mu siku zao hawakuwa banaoga. Mumoja alikuja huku peke yake, baume bakamufuata, akakimbia. Bella akatuita sisi bote ba Kiringye. Akasema, mulijifunza mwili ya muntu ni yake mwenyewe. Sasa mutafanya nini?"

"Na mukafanya nini?"

"Tulitaka kushika fimbo. Bella akakataa, akasema fimbo itaita bunduki. Tukabauliza beye wenyewe banataka nini. Bakasema: simameni, muangalie barabara, musigeuke."

Hapo watu wawili wenye bunduki wakateremka kutoka barabarani. Hakujua ni wa upande gani. Siku zile mtu hakuuliza. Mmoja alikuja hadi usoni pa Franck.

"Munalinda nini?"

"Mabinti banaoga, afande."

"Unabalinda na nini? Hauna hata jiwe."

"Hatuna kitu," Franck alisema. Sauti yake, iliyokuwa inaanza kuvunjika, ilikatika katikati. "Tunasimama tu."

Yule mtu akacheka, akapiga hatua ili apite. Ndayisenga alisogea mpaka bega lake likagusa la mwanawe. Mvulana wa upande wa pili akasogea, na aliyefuata, mstari ukajikaza hadi mwisho. Kule majini sauti zilikuwa zimenyamaza. Félicité alijikuta naye amesimama ndani ya mstari, kikwembe cha maharagwe kifuani.

Mtu wa pili, aliyebaki nyuma, alikuwa anawatazama uso mmoja baada ya mwingine. Mwishowe akamshika mwenzake mkono. "Tuende," alisema. "Waache." Wakapanda tena barabarani.

Baada ya kitambo mtu akarusha maji kule nyuma, mwingine akapiga chafya, na kicheko kikaanza upya.

"Baba Franck," Félicité alisema.

Ndayisenga hakumtazama. "Siku ya kwanza nilikuja kumutoa huyu mutoto hapa," alisema. "Nikasikia Bella anacheka huko nyuma. Tangu tutoke Kiringye sikuwa nimesikia kicheko yake; kwangu hata chakula alikuwa anaomba kwa kidole. Nikaona nisimame."

Jua lilikuwa limekwisha kuingia nyuma ya milima, na kivuli cha milima hiyo kilikuwa kinaelekea majini. Bella akaja amevaa, nywele zinadondosha maji. Alimsalimia Félicité kwa mikono miwili, kama binti wa nyumbani.

"Mama, Songo kwenu maji iko?"

"Bomba zimekauka tangu juzi."

"Basi oga. Hata bamama banaoga hapa, tunabangojea."

Félicité aliwatazama wavulana, akaona haya. Halafu akaweka mzigo wake mchangani, akapita kati ya Franck na baba yake. Wakampisha, wakaziba tena.

Majini, hadi kiunoni, alisimama mwanamke mzee aitwaye Pudentienne, anachunguza ziwa.

"Ingia, mwanangu," alisema. "Viboko beko mbali, miye ninabaona."

Félicité alivua nguo, akaingia. Maji yalikuwa ya uvuguvugu juu, baridi chini. Alizamisha kichwa, na alipoinuka akapangusa macho, akatazama nchi kavu. Mstari wote ulikuwa palepale, migongo myembamba ya watoto na mmoja mpana katikati, shati lake limechanika begani. Kile kitabu hakikuwa na ukurasa wa jambo hili. Alikaa ndani ya maji kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji, na hakuna aliyemharakisha.